Asubuhi sijiwezi, jioni nacheka: maswali yenu kuhusu mudi inayopanda na kushuka

Toka tuandike kuhusu sonona (depression) toleo lililopita meseji zimekuwa nyingi kweli, na nyingi zinagusa jambo moja ambalo hata sie tunaofanya kazi kliniki za afya ya akili huwa hatuliongelei vya kutosha, yaani mudi yenyewe inavyotembea ndani ya siku, ndani ya wiki, ndani ya mwezi. Mtu kaambiwa sonona ni huzuni, basi siku akicheka anaanza kujishuku. Mwingine kaambiwa wasiwasi ni uoga, akijiona ana hasira anadhani kapata ugonjwa mwingine. Nimechagua barua tano, majina nimetoa na vitu vingine nimebadilisha ili mwenye barua asijulikane.

Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Kimara, kazi yangu uhasibu, ofisi iko Posta. Tangu mwezi wa pili naamka saa tisa usiku macho makavu, silali tena mpaka kunakucha, na hapo ndo nakuwa na hali mbaya kweli, kifua kizito, kuoga naona kazi, kuchagua nguo tu nashindwa, kwenye mwendokasi nageukia dirishani ili watu wasione machozi. Mpaka mchana bosi akiniuliza kitu namjibu nusunusu. Ila ikifika saa kumi na moja jioni naanza kuwa mtu, napika, nachati, nacheka na wanangu. Sasa mume wangu anasema mbona jioni uko sawa, basi ni kazi tu huipendi. Mama mkwe ndo kasema wazi kwamba naigiza ili nisiamke kumwandalia mwanae chai. Nimeanza kuamini labda kweli ni uvivu.
Mama Wawili, Kimara

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nakupa jibu kwanza halafu ndo nieleze: huo si uvivu na wala huigizi. Mvivu hachagui saa. Na anayeigiza anahitaji mtu wa kumwangalia, sasa wewe saa tisa usiku nyumba nzima imelala unamwigizia nani?

Kuna sonona ambayo ina saa zake. Asubuhi inakuwa mbaya kupita kiasi, inalegea kadiri siku inavyosogea, na jioni mtu anakaribia kabisa kuwa yeye. Hiki si kitu cha kubuni, kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinachoitwa DSM-5, kilichotoka 2013, hali ya kuwa vibaya zaidi asubuhi imeandikwa kama mojawapo ya alama za sonona ya aina ya melankolia, pamoja na kuamka angalau masaa 2 kabla ya muda wako wa kawaida, kukosa kabisa hamu ya kula au kupungua uzito, mwili kuwa mzito au mtu kutotulia, na kujihukumu kupita kiasi. Wewe umetaja mbili bila kusoma popote. Sisemi una melankolia, hilo ataamua atakayekaa na wewe na kukuuliza vizuri, na kuna wengine sonona yao inaenda kinyume kabisa, asubuhi wako sawa giza likiingia ndo wanazama. Ninachosema ni kwamba huo mpangilio wa asubuhi na jioni unajulikana.

Kwa nini asubuhi? Ubongo una saa yake ya ndani inayopanga usingizi, joto la mwili na homoni. Homoni moja inaitwa kotisoli, kwa kila binadamu inaanza kupanda kabla hajaamka na inafika juu kama nusu saa baada ya kuamka, ndo inayokuandaa uanze siku. Kwa watu wengi wenye sonona huo mpangilio unavurugika, na usingizi nao unavurugika, ule usingizi wa ndoto unaanza mapema kuliko kawaida na mtu anaamka usiku wa manane. Madaktari wanajua toka zamani kwamba baadhi ya wagonjwa wa sonona wakikesha usiku mzima, kesho yake mudi inanyanyuka, halafu wakilala tu inarudi chini. Usijaribu hilo nyumbani, nimelitaja tu uone kwamba saa ya mwili na sonona vimeshikana, haihusiani na kupenda au kutopenda kumpikia mtu chai.

Sasa kicheko cha jioni. Hapa naomba mume wako asome mwenyewe. Masharti ya kusema mtu ana sonona ni hali kuwa chini sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa angalau wiki 2. Sehemu kubwa ya siku, haijasemwa kila dakika. Watafiti wa Maastricht kule Uholanzi walichapisha mwaka 2003 utafiti ambao watu wenye sonona na wasio nayo walikuwa wanashtuliwa na kifaa mara kadhaa kwa siku, kila kikilia unaandika hapohapo unajisikiaje na nini kimetokea. Wengi wangetegemea mgonjwa wa sonona haguswi na kitu chochote kizuri. Ikawa tofauti. Mambo mazuri madogo ya kila siku yalinyanyua mudi ya wale wagonjwa, na yaliwanyanyua kuliko wenzao wasioumwa, kwa sababu gani bado wanajadiliana. Ila jambo baya likishawagusa, ile hali mbaya ilikaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtoto akikuchekesha jioni ukacheka, umecheka kweli, na asubuhi ulipolia ulilia kweli. Vyote viwili ni vyako.

Nikwambie na ya kufanya. Maamuzi makubwa usiyafanye kabla ya saa sita mchana, kuacha kazi, kuachana na mtu, kumjibu mama mkwe, yasubiri jioni, na bora zaidi yasubiri upone. Chukua daftari la mtoto, andika mara tatu kwa siku, ukiamka, mchana na jioni, namba kutoka 0 mpaka 10, pembeni andika umelala saa ngapi na umeamka saa ngapi. Wiki mbili zinatosha. Kuna sababu nalisisitiza hili: ukienda hospitali saa tisa alasiri umeshapanda, umevaa vizuri, unaongea vizuri, atakayekuona anaweza kukuona mzima akakuandikia vitamini. Daftari litamwonyesha asubuhi yako. Hospitali za rufaa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma ya afya ya akili na Muhimbili ipo, ukifika waulize mapokezi bila aibu. Wanaweza kukuuliza yale maswali tisa yanayoitwa PHQ-9, yanatumika duniani toka 2001, yanahusu wiki mbili zilizopita na jumla yake inaanzia 0 mpaka 27, ukifika 10 na kuendelea ndo wanaanza kuangalia kwa makini. Ujibu kwa wiki mbili zote, usijibu kwa jinsi unavyojisikia dakika hiyo.

Na kama kwenye hizo saa za alfajiri linakuja wazo la bora nisingekuwepo, usilimeze. Mwamshe mume wako hapohapo. Likiwa zito, au umeanza kufikiria ungefanyaje, nendeni dharura usiku huohuo msisubiri kliniki.

Shemeji, kama umefika hapa, hiyo chai ya asubuhi ichemshe wewe kwa sasa.

Dada habari ya kazi. Mi nauza vifaa vya simu Kariakoo, nina miaka 26. Mudi yangu haikai, nafungua duka niko freshi, ikifika saa nne nikiona namba ya wale jamaa wa mikopo ya kausha damu inaita moyo unaenda mbio, mikono jasho, nakuwa mkali mpaka wateja wanakimbia, mchana najilaumu nakaribia kulia, jioni nikiuza vizuri najiona nimemaliza maisha, usiku silali nawaza madeni. Juzi moyo ulidunda mpaka nikajua nakufa, wakanikimbiza hospitali, wakapima moyo wakasema uko poa. Ili nisisinzie dukani nakunywa enaji. Washkaji wamegugo wanasema nina bipola, mmoja kaanza kuniita Mirembe. Kweli ni bipola?
Mtoto wa Kariakoo

Nzuri mdogo wangu, pole na mihangaiko. Huyo mshkaji mwambie Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iko Dodoma watu wanaingia wanatibiwa wanarudi kwa familia zao, si jina la kumtania mtu anayeteseka.

Kwa ulichoniandikia, sioni bipola, naona wasiwasi mwingi uliopanda juu ya shida ya kweli. Nitakueleza tofauti kwa sababu siku hizi kila anayebadilika mudi anapewa jina la bipola na watu wanaishi na hofu ya ugonjwa wasio nao, na wengine wenye nao kweli hawajulikani.

Bipola ni ugonjwa ambao mudi ina vipindi vya kupanda kupita kiasi na vipindi vya kushuka, na vipindi hivyo vinahesabiwa kwa siku na wiki. Ili hali ya kupanda iitwe mania inatakiwa ikae angalau wiki 1, sehemu kubwa ya siku karibu kila siku, isipokuwa kama ni kali mpaka mtu kalazwa, na ile ndogo yake inaitwa haipomania angalau siku 4 mfululizo. Na si furaha tu ya kuuza vizuri. Mtu analala masaa mawili matatu na kesho hachoki, anaongea hakatiki, mipango mipya kila saa, anamwaga hela ovyo, anafanya vitu ambavyo waliomzoea wanaulizana huyu vipi. Hata wale ambao bipola yao wanasema inageuka haraka, hesabu ni vipindi 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Mwaka, sio siku. Wewe unapanda na kushuka ndani ya masaa, na kila kupanda na kushuka kwako kuna kitu kimekigusa, simu imeita, mteja kanunua, deni limekumbukwa.

Wasiwasi unaweza kufanya hivyo peke yake. Watu wanafikiri mwenye ugonjwa wa wasiwasi ni mtu mmoja mwoga mwoga kutwa nzima, kumbe hata kukasirika haraka kumo kwenye orodha ya dalili za ule wasiwasi wa mambo yote, pamoja na misuli kukaza, kuchoka, kushindwa kutuliza akili na usingizi kuharibika, kwa siku nyingi kuliko zisizo nazo ndani ya miezi 6. Kanada kuna daktari anaitwa Rudy Bowen, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2004 kazi iliyowalinganisha watu wenye magonjwa ya wasiwasi na watu wasioumwa, na wale wenye wasiwasi walikuwa na mabadiliko ya mudi zaidi. Kwa hiyo mudi kuyumba si mali ya bipola peke yake, iko kwenye wasiwasi, iko kwenye sonona, na wengi wana vyote viwili kwa pamoja.

Ile ya juzi uliyojua unakufa inafanana sana na shambulio la hofu. Linakuja ghafla, ndani ya dakika chache limefika kileleni, moyo, pumzi, ganzi, kizunguzungu, uhakika kabisa kwamba ndo mwisho, halafu linashuka. Umefanya vizuri kwenda kupimwa, mara ya kwanza mtu apimwe. Shida inakuja baadaye pale unapoanza kuogopa lisirudi, unaanza kukwepa sehemu, kukwepa daladala iliyojaa, kukwepa foleni ya benki, na mudi inaanza kuongozwa na hiyo hofu ya hofu.

Enaji nakuomba uache, sio leo tu. Ina kafeini nyingi, inasukuma moyo, mikono inatetemeka, ukishausikia moyo unasema limeanza tena, na usiku hulali, asubuhi unakunywa tena ili usisinzie. Punguza kidogo kidogo usipate kichwa kuuma. Nenda pia wakapime damu waangalie tezi ya thairoidi ile ya shingoni, ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka na mudi kuyumba, mtu anaonekana ana wasiwasi kumbe ni tezi.

Hapa niwe mkweli. Hakuna dawa itakayofanya kausha damu wasipige simu. Sehemu ya moyo wako kwenda mbio ni moyo kufanya kazi yake, unadaiwa kweli. Mtafute mtu wa familia unayemwamini umwambie deni lote, namba kamili, kabla hujamwambia daktari hata, maana siri ya deni inakula usingizi kuliko deni lenyewe. Halafu wasiwasi uliobaki unatibika, kuna tiba ya mazungumzo inayokufundisha kukaa na hizo dalili bila kuzikimbia, na kuna dawa.

Kitu kimoja usimfiche daktari: kama kwenye maisha yako ulishawahi kuwa na hiyo wiki ya kutolala na kutochoka niliyoieleza, au mzazi au ndugu yako wa tumbo moja ana bipola, sema kabla hujaandikiwa dawa za sonona, kwa sababu kwa mwenye bipola zikitumika peke yake zinaweza kumrusha juu.

Dada, wiki moja kabla ya siku zangu nakuwa mtu mwingine kabisa, nachukia kila mtu, nalia, nishawahi kumuandikia mpenzi wangu meseji ya kuachana. Zikianza tu, siku ya pili ya tatu nashangaa nilikuwa nalia nini. Nina miaka 31.
Binti wa Sinza

Hii ina jina lake, kwa kifupi PMDD, na iko kwenye DSM-5 kama aina ya sonona inayofuata mzunguko wa hedhi, ni nzito kuliko ule usumbufu wa kawaida ambao wengi tunaujua. Homoni zako zikipimwa mara nyingi zinakutwa kawaida tu, tatizo ni namna ubongo unavyopokea kupanda na kushuka kwake. Ili wahakikishe wanahitaji uandike mudi kila siku kwa miezi miwili, maana kuna watu wana sonona ya muda wote ambayo inazidi tu siku zikikaribia, na tiba haifanani sana. Angalia ile wiki baada ya hedhi kuisha: ikiwa safi kabisa ni jambo moja, ikiwa bado kuna huzuni ni jambo jingine. Inatibika vizuri, dawa za sonona kwenye hali hii zinafanya kazi haraka kuliko kawaida, na kuna wanaozimeza zile wiki mbili za mwisho tu za mzunguko. Hiyo meseji ya kuachana iandike kama lazima, ila itume siku ya tano ya hedhi kama bado unaitaka.

Dada shikamoo. Nipo Gongo la Mboto, nina miaka 38, nina wiki ya tano natumia dawa za sonona. Wiki iliyopita nilipata siku nne nzuri mpaka nikamwambia wife nimepona, Jumatatu nikaanguka tena kama mwanzo. Ndugu wanasema hizi dawa ni za kulevya bora niache, na mi naona hazijasaidia.
Baba Eliza

Marahaba kaka. Siku nne nzuri ndani ya wiki ya tano ni habari njema, nataka uione hivyo hata kama Jumatatu imekuumiza.

Sonona haiondoki kwa mstari ulionyooka. Ukikaa Coco Beach maji yakiwa yanapwa, utaona wimbi moja linarudi juu mpaka unasogeza viatu, ila ukilinganisha na nusu saa iliyopita bahari imeshasogea. Kwa hiyo usipime Jumatatu na Jumapili, pima wiki hii na wiki ile ya kwanza ulipoanza dawa. Siku mbaya zilikuwa ngapi? Ilikuchukua muda gani kuinuka baada ya kuanguka? Hilo la kuinuka ndo mi naliangalia sana. Mtu anayeendelea kupona bado anaanguka, ila anakaa chini masaa badala ya wiki.

Dawa hizi kwa kawaida zinaanza kuonyesha kitu kuanzia wiki 2 mpaka 4, na daktari anataka kama wiki 6 mpaka 8 kwa dozi inayotosha ndo aseme zimefanya kazi au abadilishe. Ukishapona, unaendelea nazo angalau miezi 6, wengine zaidi, kwa sababu kuacha mapema ni njia rahisi ya kurudi ulikotoka. Hazifanyi mtu kuwa teja, hutatamani kuongeza wala kutafuta mtaani. Ila mwili unazizoea, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi wa ajabu, hasira, wengine wanasikia kama shoti kichwani, halafu ndugu wanasema unaona, ulevi huo. Zinapunguzwa taratibu na aliyekuandikia.

Pombe je? Hukuandika, nauliza tu kwa sababu siku nne nzuri zikifika wikiendi watu wanasherehekea, na Jumatatu inayofuata bia nyingi ni mbaya hata kwa mtu asiyeumwa.

Kuna jambo wife anatakiwa alijue. Wiki hizi za mwanzo nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla mawazo hayajanyooka, ndo maana tunaomba mtu awe karibu na mgonjwa hasa anapoonekana ameanza kuchangamka. Ukianza kutotulia kwa namna ambayo hujawahi, au mawazo ya kujidhuru yakija au yakizidi, rudi hospitali siku hiyohiyo usingoje tarehe ya kliniki.

Shikamoo dada. Baba yangu ana miaka 67, alikuwa dereva wa malori, yupo nyumbani Mbagala toka mama afariki miaka miwili iliyopita. Hana huzuni ya kulia, hana hasira, hana chochote. Wajukuu wamekuja kutoka Mwanza tulitegemea afurahi, kakaa tu. Simba wamecheza, hajawasha redio. Tukimuuliza anasema kiuno kinauma na hana usingizi. Watu wanasema ni uzee. Mbona barua za wenzangu zote ni za kupanda na kushuka, yeye habadiliki kabisa?
Binti wa Mzee, Mbagala

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na umeuliza swali zuri sana, maana huyo asiyebadilika ndo ananipa wasiwasi kuliko wanaobadilika.

Mudi ya binadamu mwenye afya inaguswa. Timu ikifunga inapanda, umeme ukikatika inashuka, halafu inarudi. Mtafiti Peter Kuppens na wenzake walichapisha mwaka 2010 kazi inayoonyesha kwamba kwa watu wenye sonona hisia zinakuwa na ukinzani wa kusogea, jinsi ulivyokuwa saa iliyopita ndivyo utakavyokuwa saa ijayo, mambo yanapita mbele yako hayakugusi. Miaka iliyofuata tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja ilionekana kwamba kuyumba sana na kuganda, vyote vinaenda na hali mbaya ya akili, usishangae kwamba vinaonekana kupingana. Kwa hiyo Mama Wawili wa Kimara anayecheka jioni na baba yako asiyewasha redio wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Na wazee wetu, hasa wanaume, sonona yao mara nyingi inaongea kwa mwili. Kiuno, kichwa, tumbo, usingizi. Neno huzuni hulisikii. Uzee unapunguza kasi ya mtu, hauondoi furaha ya kumwona mjukuu. Msiba nao, miaka miwili mtu bado anaweza kulia akimkumbuka mkewe, ni haki yake, ila msiba wa kawaida unakuja kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi mtu anaguswa na mengine. Yeye umesema hana chochote.

Mpeleke kwa sababu ya kiuno na usingizi. Usimdanganye, ni kweli vinamuuma, na mzee wa namna hiyo ukimwambia tunakupeleka kwa daktari wa akili hataenda. Waombe wapime sukari, presha, damu kama imepungua, na thairoidi, maana kwa umri wake ikiwa chini inaleta ubaridi huohuo. Beba dawa zote anazotumia, hata za kienyeji. Waambie pia kama mkono unatetemeka, kama amekuwa mzito wa kutembea, kama anasahau, kwa sababu kuna magonjwa ya ubongo yanayoanza kwa mtu kupoa hivyo. Halafu wewe mwenyewe mweleze daktari haya uliyoniandikia, wajukuu, redio, yote.

La mwisho ni gumu, ila lazima nikwambie. Muulize baba kama anafikiria kufa. Najua kwetu mtoto kumuuliza mzazi hivyo ni kama kumkosea adabu, kama ni mzito sana kwako mtafute baba mdogo au rafiki yake wa zamani wa kwenye malori amuulize. Kumuuliza mtu hakumpandikizii hilo wazo, na wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye mtu kauliza. Usimuulize mbele ya wajukuu. Mkae wawili, jioni, mwambie, "Baba, toka mama aondoke naona umechoka sana, kuna wakati unaona bora na wewe ungeondoka?" Halafu nyamaza, mpe muda, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akisema ndiyo, usimkemee wala usimwambie asiseme hivyo, muulize kama amewaza namna, kusanyeni dawa na sumu za panya na za wadudu zilizopo nyumbani ziwekwe kwa jirani, asiachwe peke yake, na muende hospitali naye siku hiyo. Akisema hapana, miadi ya kiuno inabaki palepale, wiki hii.